Mgongo wa Mita Sita

Katika ukoo wa mume wangu kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, na huyo ndiye aliyefuma sweta lenye mgongo wa mita sita.

Ni shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Mtaani wanamwita Satelaiti, kwa sababu hutembea kidevu juu kama anayepokea habari kutoka kwa wenzake walioko angani. Alisomea kompyuta, akafaulu, sikatai. Mtu akifaulu anastahili pongezi. Tatizo ni pale anapozidai kila asubuhi kabla ya chai.

Sisi tunafuma masweta. Tupo watatu, mimi na wenzangu wawili, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Dirisha hilo ndilo uhai wetu. Kwa mwanga wake unauona mshono ulioruka kabla mteja hajauona, na mteja akipita anaiona kazi kabla hajaiuliza. Chumba cha nyuma kimepakana na tangi la maji na kina kidirisha cha ukubwa wa sahani. Ukifuma uzi mweusi humo, unafuma kwa imani.

Sasa Satelaiti akakitamani chumba cha mbele.

"Mama," alisema siku moja, amekunja nne kwenye kiti cha marehemu baba yake, "kazi ya kuvuta mashine kwa mkono imepitwa na wakati. Mashine ya shemeji nitaifunga mota na ubongo wa kielektroniki. Itafuma yenyewe. Chumba cha mbele kiwe ofisi yangu, akina shemeji wahamie nyuma. Watakuwa wanabonyeza kitufe tu, na kitufe hakihitaji dirisha."

Mama mkwe ndiye aliyeianzisha kazi hii, zamani, kabla macho yake hayajachoka. Maneno yake ni machache na huyatoa kama mtu anayetoa sindano kwenye kibweta, moja moja. Alinitazama, akamtazama mwanawe.

"Jumatatu Matroni wa chuo cha wauguzi anakuja kuona sweta la kwanza la mahafali," akasema. "Mashine yako ikilifuma mbele yake likawa sweta, chumba ni chako. Lisipokuwa sweta, chumba usinitajie tena."

Satelaiti akatoka hapo, akaenda moja kwa moja kuchongesha kibao cha mlangoni. *Ofisi ya Mkurugenzi wa Teknolojia.* Mashine yenyewe alikuwa bado hajaigusa hata skrubu.

Lazima niwaeleze juu ya masweta hayo ya mahafali, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini roho yangu ilikuwa juu juu. Yalikuwa ishirini na manne, rangi ya damu ya mzee. Asiyefuma hudhani damu ya mzee ni damu ya mzee. Sivyo. Kila pipa la rangi lina mzee wake. Ndiyo maana Matroni alileta uzi mwenyewe, koni sita zilizotiwa rangi pamoja siku moja katika pipa moja, zimepimwa zitoshe ishirini na manne na salio dogo la kuzibia tundu. Wauguzi wake watasimama mstari mmoja juani. Sweta moja likitoka pipa jingine litang'aa pale katikati kama jino la dhahabu, na mwakani Matroni atavuka barabara kwa yule jirani yetu, mfumaji mwenzetu, ambaye kila siku hutusalimia akiwa anachungulia tumefika wapi.

Satelaiti alianza kazi kwa kulicheka daftari langu.

Kwetu ni mwiko kuandika "kubwa", "ya kati" au "ndogo". Miaka mingi iliyopita tuliandika oda moja "saizi ya kati". Mimi nikafuma mbele, mwenzangu akafuma mgongo. Saizi yangu ya kati na saizi yake ya kati zilipokutana kwenye kushona, zilitazamana kama wake wenza. Mteja alipata kifua cha mtu mmoja na mgongo wa mwingine. Tangu siku hiyo mama mkwe alitukataza. "Neno kila mtu ana lake," alisema. "Andikeni sentimita."

"Kifua tisini na nane, mkono hamsini na nane, shingo..." Satelaiti alisoma kwa sauti ya karani wa mahakama. "Shemeji, hii ni sweta au ushahidi wa kesi?"

"Ni sweta lisilofika kwenye kesi," nikamjibu.

"Mimi katika lugha yangu nasema neno moja tu. *Int*. Maana yake namba. Mashine inajua yenyewe namba ni nini."

"Mashine ipi?"

"Yoyote. Ndiyo uzuri wa C. Unaandika hapa, unapeleka popote duniani."

C ndiyo lugha anayotumia kuziamrisha mashine. Herufi moja tu. Nadhani walioipa jina walikuwa na haraka kama yeye.

Basi akafunga mota. Akafunga kipande cha ubongo, kijani, ukubwa wa kadi ya harusi, chenye kioo kidogo cha kuonyesha idadi ya mishono. Ubongo ule ulikuja na kijitabu cha kurasa arobaini. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akakikunja kijitabu mara mbili, akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Kisha akaung'oa mpini wetu wa kusimamishia mashine.

"Wa nini huo?" nikamuuliza.

"Mashine yenye akili inasimama yenyewe ikimaliza."

"Na isipomaliza?"

Alicheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. Kimefundishwa shuleni, nadhani, maana sisi tulioishia darasa la saba hatukukipata.

Nitamtendea haki: alijaribu. Alijaribu mara kumi, na mara zote mashine ilifuma ikasimama kama askari. Ila alijaribu migongo ya watoto. Mishono mia moja na thelathini kwa mstari, mistari mia moja na hamsini, basi.

"Jaribu wa mtu mzima," nikamwambia. "Wauguzi hawana miaka minane."

"Wa mtu mzima nimeujaribu kwenye kompyuta. Umetoka bila doa."

"Umetoka wapi? Nionyeshe nishike."

"Kwenye kioo, shemeji. Hesabu ni zile zile. Namba ni namba."

Jumatatu ikafika. Matroni alikuja na viatu vyeupe na saa iliyobandikwa kifuani, mwanamke ambaye hata kikohozi hukohoa kwa ratiba. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha. Wenzangu walisimama ukutani, macho yao yakienda mara kwa mashine, mara kwa mlango wa chumba cha nyuma, ambako Satelaiti alikuwa ameshahamishia viti vyetu. Kibao chake kilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Msumari wake ulipigiliwa na mikono yangu, maana mkurugenzi hakutaka kupata lengelenge.

"Mabibi," Satelaiti akaanza, tulikuwa watano tu, "mimi katika maisha yangu sijawahi kushika uzi, na sitashika. Leo mtaona akili ikifuma. Mgongo wa mtu mzima. Mishono mia mbili mara mistari mia moja na tisini: mishono thelathini na nane elfu kamili. Kwa dakika tatu na ushee. Shemeji huchukua asubuhi nzima."

Akabonyeza.

Mungu shahidi wangu, kile kigari cha mashine kilikwenda. Shwaa kushoto, shwaa kulia, mstari mmoja kila sekunde, na kitambaa kikateremka chini ya sindano, laini, sawasawa, damu ya mzee safi. Matroni akainua nyusi. Mwenzangu mmoja akashusha pumzi ya mtu aliyepokonywa kiti. Kwenye kioo namba zilipanda: elfu kumi, elfu ishirini, elfu thelathini. Nami nikaanza kuizoea picha ya tangi la maji.

Thelathini na mbili elfu na mia nne. Thelathini na mbili elfu na mia sita.

Kisha namba ikaruka. Ikaandika thelathini na mbili elfu na mia saba na kitu, lakini mbele yake kumesimama kistari.

"Shemeji," nikasema taratibu, "hicho kistari ni cha nini?"

"Kistari kipi?"

"Hicho cha kutoa. Mashine inasema imefuma pungufu ya sifuri kwa mishono thelathini na mbili elfu."

"Ni namna yake ya kuonyesha."

"Kumuonyesha nani? Nimeshika mgongo mkononi hapa. Yeye anasema sijaanza, na kabla sijaanza nilikuwa nyuma."

Matroni akatazama saa yake ya kifuani. "Dakika tatu na ushee zimepita," akasema. "Mbona haisimami?"

"Inamalizia," Satelaiti akasema.

Ilimalizia kwa kuongeza nusu mita. Mgongo ukafika sakafuni, ukaanza kujikunja. Kwenye kioo kile kistari kilibaki, lakini namba nyuma yake ilikuwa ikipungua: elfu ishirini, elfu kumi, elfu mbili, hadi sifuri, na kistari kikapotea.

"Mmeona?" Satelaiti akapumua. "Imejisahihisha. Sasa itapanda hadi thelathini na nane elfu, isimame."

Tukasubiri. Ikapanda kwa adabu hadi thelathini na mbili elfu na mia sita na kitu, ikaruka tena chini ya sifuri, kistari kikarudi. Ilikuwa kama kumtuma mtu ghorofa ya nane kwa ngazi inayoishia ya sita: kila akifika juu anadondokea kwenye mashimo, anajipangusa, anaanza kupanda upya, na kwa kuwa ni mtiifu hawezi kuacha.

Mgongo sasa ulikuwa umevuka miguu ya meza.

"Muuguzi mrefu kuliko wote niliye naye," Matroni akasema, "ana mita moja na themanini. Pamoja na viatu."

"Zima, shemeji," nikamwambia.

Akasimama mbele ya plagi, mikono kaitanua. "Hakuna kugusa! Ukizima katikati ya mstari, kigari kitakwama juu ya sindano, zitapinda zote. Mpeni nafasi, anafikiri."

Hapo juu ya sindano alisema kweli, ndiyo maana niliumia. Sindano mia mbili zikipinda, mahafali tutayasikia kwa jirani. Lakini koni nayo ilikuwa inakonda mbele ya macho yangu. Uzi wa Matroni, wa pipa moja, wa mzee mmoja, ulikuwa unageuka blanketi la nyoka.

Tulikaa hivyo nusu saa. Namba ilipanda ikaanguka, ikapanda ikaanguka. Kila ikikaribia ukomo wake Satelaiti alisema "sasa", na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Kitambaa kilipita mlango wa chumba, kikaingia ukumbini, paka akakilalia. Kwenye koni nikaanza kuliona karatasi la ndani.

Mama mkwe akainuka. "Mke wa mwanangu," akaniambia, "zima."

"Mama, sindano..." Satelaiti akaanza.

"Nimemwambia mfumaji."

Nikamsogeza shemeji kwa nyonga, nikashika plagi, nikafumba macho. Miaka ishirini na miwili nimekivuta kigari kile kwa mkono. Nakijua kwa sikio. Shwaa kushoto. Shwaa kulia. Kinapofika pembeni kabisa hutoa kimlio kidogo, tk, kabla hakijageuka. Nikaisubiri ile tk. Nikachomoa.

Kimya. Sindano zote mia mbili zimesimama wima, hakuna hata moja iliyopinda.

Matroni akatoa futi yake ya kitambaa mfukoni, wauguzi hawakosi vitu, akapima kutoka kwenye sindano hadi kwa paka. "Mita sita na sentimita nne," akasema. "Nitarudi Alhamisi kuona kama nina masweta au nina zulia." Akaruka mgongo kwa hatua mbili, akaondoka.

Satelaiti alikaa chini. Akatazama kompyuta yake. "Lakini hapa inafanya kazi," akaiambia, kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa na rafiki wa utotoni.

Mimi nikainama, nikauvuta mguu wa meza, nikakitoa kile kijitabu. Maneno yake mengi sikuyajua. Lakini namba ni namba, si ndivyo alivyosema? Ukurasa wa tatu palikuwa na jedwali, na mbele ya neno *int* paliandikwa 32,767.

"Shemeji," nikasema, "ile namba inayoangukia chini kila mara iko hapa. Imekaa chini ya mguu wa meza siku zote hizi."

Akasoma. Akasoma tena. Masikio yakawa damu ya mzee, pipa lile lile.

"Kwenye kompyuta," akasema polepole, "int ni pana. Inabeba hadi bilioni mbili. Kwenye hiki kiubongo kidogo, int hiyo hiyo ni nusu ya upana. Ikipita hapo inamwagika, inaanza upya chini ya sifuri."

"Na lile lengo la thelathini na nane elfu? Mbona lenyewe halikumwagika?"

"Lile niliandika *long*. Ukurasa wa kwanza ulisema namba za mchoro ziandikwe hivyo. Kihesabio... kihesabio niliandika int tu."

"Kwa hiyo lengo limekaa kwenye debe, na kinacholihesabu kimekaa kwenye kikombe."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na kile kikombe chako kikubwa cha nyumbani na kile kidogo cha hapa vina jina moja."

"Jina moja."

"Kama saizi ya kati," akasema mama mkwe kutoka dirishani, bila kugeuka.

Hapo hakuna aliyecheka. Haikuwa lazima.

Satelaiti alifuta neno lake fupi kila alipoliona, na mahali pake akaandika neno refu lenye thelathini na mbili katikati na kimkia mwishoni: *int32_t*. Nikamuuliza hiyo thelathini na mbili ni nini.

"Ni upana. Biti thelathini na mbili. Ukiandika hivi, popote utakapoipeleka upana ni huo huo, hakuna mashine ya kukisia."

"Yaani ni sentimita."

Akaendelea kuandika.

"Shemeji. Yaani ni sentimita?"

"Ni... ndiyo. Ni kama sentimita."

"Kumbe na huko zipo," nikasema. "Na walioziweka hawakuwa na kesi."

Safari hii mgongo wa kwanza aliujaribu kwenye mashine yenyewe, wa mtu mzima, kwa uzi wa makombo. Thelathini na mbili elfu, thelathini na tatu, thelathini na nane, tk. Ukasimama. Mpini wetu wa kusimamishia nikaurudisha mwenyewe, na skrubu mbili za ziada.

Nisiwaweke roho juu: Jumamosi masweta ishirini na manne yalitoka. Matroni aliyapanga kwenye kamba juani, akatembea mbele yake kama anayekagua gwaride, akarudi nyuma, hakuona jino la dhahabu. Oda ya mwakani akaiandikisha pale pale. Kwa sentimita.

Lakini manne ya mwisho yalihitaji ule uzi wa mita sita. Uzi uliofumwa haupatikani kwa kitufe. Unafumuliwa mstari kwa mstari, unazungushwa kwenye mikono ya mtu aliyeitanua mbele kama anayekumbatia hewa, unaoshwa ili mawimbi yatoke, unaanikwa, ndipo unarudi kwenye koni. Kazi hiyo inataka mtu mwenye mikono mirefu na subira, na inataka mwanga mzuri, mshono usikatike.

"Chumba cha mbele," akasema mama mkwe. "Pale dirishani."

Basi chumba alikipata. Kuanzia Jumanne Satelaiti alikaa kwenye dirisha kubwa linalotazama barabara, mikono imetanda, uzi wa damu ya mzee umemvaa kuanzia viganja hadi viwiko, na mlangoni kuna kibao chake mwenyewe, ambacho nilikataa kukitoa kwa sababu msumari wangu niliupigilia vizuri. Jirani wa ng'ambo alisimama mara tatu kumsalimia. Hakuwahi kutusalimia sisi kwa moyo kiasi hicho.

Alhamisi Matroni akapita kama alivyoahidi. Akasimama dirishani, akaangalia yaliyokwisha kwenye kamba, akaangalia ile mikono.

"Umebaki kiasi gani, mkurugenzi?"

"Umebaki kidogo tu, Matroni," akajibu Satelaiti, na kidevu, kwa mazoea, kikaanza kupanda.

Kutoka ndani, mama mkwe akauliza:

"Kidogo cha sentimita ngapi?"

Kidevu kikashuka. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshamshikia futi.